Zamu ya Kozi

Hapo zamani, katika kijiji cha Kishamoni kilichokaa chini ya mwamba mrefu, palikuwa na kozi, ndege mwindaji wa angani. Namtaja ndege kabla ya watu kwa makusudi. Watu wa Kishamoni sina haraka nao. Mtawasikia wenyewe, maana kusema walijua. Hadithi hii kila nikiisimulia damu hunichemka, basi mnivumilie nikipandisha sauti.

Kozi yule alikuwa jike, mwenye kifua cha madoadoa na macho meusi makubwa. Alilala mwambani. Mtama ulipoanza kutia maziwa, kwelea walikuja kutoka nyikani, wale ndege wadogo wa midomo myekundu wanaotua shambani kwa maelfu na kuondoka na chakula cha mwaka mzima. Hapo kozi alipanda juu mpaka macho yako yakachoka kumtafuta. Halafu alifunga mabawa akajiachia. Ulisikia upepo ukipasuka kabla hujamwona. Kwelea mmoja alibaki makuchani mwake, na wengine wote walitawanyika wasirudi mpaka kesho yake. Watu walitoka nje na vigoda vyao kumtazama. Wako walioacha uji ukapoa mkononi, na hao nawaelewa, kwa sababu jambo lile lilikuwa zuri kweli.

Katikati ya mashamba palikuwa na dungu, yaani jukwaa dogo la miti juu ya nguzo ndefu, la kukaa mtu anayefukuza ndege. Vijiji vingine dungu lilikaliwa tangu alfajiri mpaka jua kuzama, mtu akipiga mayowe na kuvurumisha mawe kwa kombeo mpaka sauti ikamkauka. Kishamoni, dungu lilikuwa la kozi. Alitua pale kula mawindo yake, na watu wakapata nafasi ya kupalilia, kufinyanga, kufuga na kupiga domo.

Kwa hiyo wakaweka sheria. Atakayemuua kozi atapanda dungu ashike zamu ya kozi. Atakaa juu jua likiwaka na upepo ukivuma, mpaka shuke la mwisho la kijiji kizima liingie ghalani. Shamba lake mwenyewe halitavunwa na mtu, libaki wazi kwa ndege, ili ajue alichowafanyia wenzake. Sheria ilikuwa kali na kila mtu aliisifu, kwa kuwa kila mtu alijua haimhusu.

Sasa nianze na Nyambu.

Nyambu alifuga kuku, na kuku wake aliwapenda kuliko majirani zake. Vifaranga vikawa vinapotea. Aliyevichukua ni mwewe, na mwewe anajulikana, mkia wake una panda, na huzunguka polepole juu ya nyua akichungulia. Kozi hana shughuli na kifaranga kinachoparua vumbi. Yeye hukamata kinachoruka. Mtu yeyote anayetazama juu anaweza kuwatofautisha hao wawili, na Nyambu alikuwa na macho mazima. Asubuhi moja aliona kivuli kikipita uani pake. Hakutazama mkia, hakutazama kifua. Akavurumisha jiwe.

"Nimempiga mwizi," akamwambia mkewe, akaingia ndani kumalizia kiporo.

Aliyempiga hakuanguka uani pake. Aliangukia shambani kwa Mkawasi, mwanamke wa makamo aliyefinyanga vyungu na kuishi peke yake. Mkawasi alimkuta kozi chali kati ya mabua, bawa moja limening'inia, siafu wameanza kumpanda. Akaufunika mwili wote kwa kaniki ili macho yapate giza, maana ndege mwenye hofu gizani hutulia. Akamtoa siafu mmoja mmoja. Nyumbani akalikunja bawa lililovunjika kama lilivyotakiwa kukaa, akalifunga ubavuni kwa kitambaa laini, akamlaza ndani ya tenga la kubebea kuku. Mpaka hapo, msifuni Mkawasi. Mimi mwenyewe namsifu.

Majirani wakaja na ushauri. Mmoja akasema, mpe uji. Mwingine akasema, mpe ugali na maziwa, ni mgonjwa. Mkawasi akampa uji, kozi akafunga mdomo. Akampa ugali, kozi akafunga mdomo. Ndipo akamtegea panya ghalani, akamrushia mzima na manyoya na mifupa yake, na kozi akala. Akanona, jicho likarudi kung'aa.

Lakini Mkawasi alikuwa mpweke, na upweke una tamaa zake. Badala ya kumrushia chakula na kuondoka, alikaa naye. Alimwita "mwanangu". Alimtoa tengani, akamzoesha kula mkononi. Alivaa kipande cha ngozi ya mbuzi, akainua mkono juu, akapiga mluzi, na kozi akarukia mkono wake kula. Jambo hilo likampendeza mno. Likawapendeza na wenzake.

Kishamoni yote ikahamia uani kwa Mkawasi. Wazee walikuja, vijana walikuja, mabibi harusi walikuja. Kila mtu alivaa ile ngozi, akainua mkono juu, na kozi akaja. Nyambu naye alikuja. Ndiyo, Nyambu. Aliinua mkono uleule uliorusha jiwe, na ndege akatua juu yake akala, na Nyambu akacheka mpaka akakohoa. Mwakio, msimamizi wa mashamba, ndiye aliyerudi mara nyingi kuliko wote. Kozi aliyekuwa akiona watu kama mawe, sasa aliona mkono ulioinuliwa akajua ni chakula.

Nyumba moja tu haikwenda. Hiyo ni ya Saru, mke wa Mghalu. Mumewe alikuwa mbali nyikani na ng'ombe, naye Saru alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, yuko ndani ya uzazi, mlango umefungwa kama ilivyokuwa desturi yao. Chakula alipokea kwa mama mkwe wake, kikongwe aliyekuwa haoni vizuri na hana habari na ndege. Yaliyokuwa yakitendeka kwa Mkawasi, Saru hakuyajua.

Kisha kwelea wakaja.

Mwakio alikwenda kwa Mkawasi asubuhi, safari hii bila kicheko. Huyu Mwakio ndiye aliyegawa zamu za kulima na ndiye aliyeamua mashauri yote ya mashamba. Kumbukeni hilo.

"Mama, nipe kozi," akasema. "Mtama unaliwa."

"Bawa limeunga lakini halijapata nguvu," Mkawasi akajibu. "Nimwache kwanza arukeruke kwenye uwanja wa kupuria. Nione akikamata mwenyewe. Tangu aumie hajawinda, mimi ndiye ninayemlisha."

"Kwelea hawasubiri bawa lako."

"Bawa si langu, baba. Ni lake."

"Umemfuga sana, umemfanya kuku," Mwakio akasema. "Ndege wa mwituni kazi yake ni angani. Na kuanzia leo sitaki mtu amlishe, asije akadekea mikono yenu. Akiona njaa atawinda."

Na hilo la mwisho lilitamkwa na mtu aliyerudi mara nyingi kuliko wote kuinua mkono. Alibeba tenga mpaka chini ya dungu, akalifungua mbele ya kijiji kizima, na kozi akatoka. Akapanda. Watu wakashangilia. Akajiachia, na kwelea wakatawanyika, watu wakashangilia tena. Hakuna aliyetazama makucha yake. Makucha yalikuwa matupu. Bawa lile lilimvuta upande kila aliposhuka, akamkosa kwelea mmoja na mwingine na mwingine. Watu wakapiga makofi, wakarudi nyumbani kula. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama yeye amekula.

Kesho yake alitawanya kwelea tena, akakosa tena. Keshokutwa hakupanda juu sana. Jioni alitua juu ya paa la Mkawasi akalia. Mkawasi alimsikia. Alikuwa na panya aliyekwisha tegwa, chini ya chungu. Lakini Mwakio alikuwa amekataza, na Mwakio ndiye aliyegawa mashamba, basi Mkawasi alijifunika kaniki kichwani mpaka kilio kikakoma.

Asubuhi iliyofuata Saru alitoka uzazini. Alimlaza mwanawe kwenye mkeka kando ya kinu, akatia mtama, akashika mchi, akaanza kutwanga. Mnajua anavyotwanga mtu. Huinua mikono juu kabisa, huishusha, huinua tena.

Kozi alikuwa juu ya ua. Aliona mkono umeinuliwa.

Alikuja kama alivyofundishwa. Saru aliona mabawa yaliyotanda, mdomo uliopinda, makucha wazi yakimjia usoni, na mtoto wake hatua moja kutoka hapo. Alipiga mara moja. Mchi ni mzito, na kozi mwenye njaa ni mwepesi. Alipoinama kumtazama aliona alama ya kitambaa ubavuni, mahali manyoya yalipolala, akajua ndege huyu alikuwa na mtu. Akaanza kulia kabla hajaambiwa kosa lake.

Baraza likakaa siku hiyohiyo kwenye uwanja wa kupuria, Saru akiwa amekwisha kusimuliwa habari zote za ndege yule. Kozi aliwekwa katikati juu ya ungo. Na nani aliyeamua shauri? Mwakio. Hakuna aliyeona haya.

"Sheria tunaijua," Mwakio akasema. "Aliyemuua kozi apande dungu. Nani amemuua?"

Watu wote wakamtazama Saru.

Saru akasimama na mtoto mgongoni. "Mkono ni wangu na mchi ni wangu," akasema. "Sikatai. Lakini nataka kujua, bawa lake nani alilivunja?"

Macho yakamhamia Nyambu, maana mkewe alikwisha kuisimulia habari ya lile jiwe. Akasimama polepole, akikung'uta nguo.

"Jiwe langu lilivunja bawa, halikuua," Nyambu akasema. "Mlimwona akiruka wote. Mlipiga makofi. Mkawasi aliliponya lile bawa, na kitu kilichopona si jeraha tena. Isitoshe, nilidhani ni mwewe. Nilikuwa nalinda vifaranga vyangu, sikujua ni yeye."

"Nami nilikuwa namlinda mwanangu," Saru akasema. "Nami sikujua ni yeye. Kama kutokujua kunamtoa Nyambu, mbona hakunitoi mimi?"

Nyambu akakaa chini kama mtu aliyekwisha maliza kazi.

"Na aliyemfundisha kurukia mikono ya watu ni nani?" Saru akauliza.

Mkawasi akasimama. Alikuwa ameshika kile kipande cha ngozi.

"Mkono wangu ulimlisha, haukuua," akasema. "Najua nilichofanya. Nilipaswa kumrushia panya na kufunga mlango. Nilimtaka awe wangu, na hilo litaniuma mpaka nafa. Lakini nisingemwokota, angeliwa na siafu siku ileile, na leo Nyambu ndiye angekuwa juu ya dungu. Ninyi nyote mlikuwa na shughuli zenu, mimi nikainama. Niadhibiwe kwa kuwa niliinama? Basi nani atakayeinama tena katika kijiji hiki?"

Watu wakaguna. Wengine walikubaliana naye, wengine walikumbuka jinsi walivyovaa ile ngozi, wakatazama chini.

"Na aliyemtoa kabla ya wakati, akakataza asilishwe?" Saru akauliza, safari hii bila kugeuza uso. Alikuwa anamtazama mwamuzi.

Mwakio hakusimama. Aliyekalia kigoda cha shauri hasimami, hiyo ndiyo raha yake.

"Amri yangu ilimwachia, haikuua," akasema. "Ndege si wa tengani. Nisingemtoa, mtama wenu ungekwisha, na leo mngenishitaki kwa njaa. Nilimrudisha angani alikozaliwa. Nani hapa hakushangilia? Kama kuna kosa katika kumwachia ndege huru, basi tufungeni wote."

"Wewe uliambiwa bawa bado," Mkawasi akasema.

"Na wewe ulimsikia akilia, ukajifunika," Mwakio akamjibu.

Mkawasi akakaa. Hilo alikuwa amelisimulia mwenyewe kwa jirani, akitafuta faraja.

Hapo nyuma mtu mmoja akapaza sauti. Jina lake silitaji, halistahili kutajwa. Akasema, "Saru, wenzako wote tulikwenda kumwona. Tunajua hana neno. Kwa nini wewe hukwenda?"

Saru akageuka. "Nilikuwa nazaa," akasema.

Nauliza, jamani, kijiji kinachosikia jibu hilo kingefanya nini? Mimi ningenyamaza na kutafuta pa kuficha uso. Wao walishauriana. Walinong'onezana wakirudiana maneno yaleyale. Nyambu ana kuku, akipanda dungu nani atawalisha? Mkawasi ni mtu mzima, ngazi ile ndefu. Mwakio ndiye anayeendesha mashamba yote, hatuwezi kumkalisha juu kama mfukuza ndege. Kila mmoja alipatiwa udhuru na mwenzake. Mwanamke mwenye mtoto mchanga hakupatiwa, kwa kuwa mumewe hakuwepo wa kumsemea.

Mwakio akainuka hatimaye. "Sheria inasema aliyemuua," akatamka. "Haisemi aliyemjeruhi. Haisemi aliyemlisha. Haisemi aliyemwachia. Saru apande."

Saru hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja tu. "Nikiwa juu, mtama wangu utaliwa. Mume wangu akirudi na ng'ombe, mtoto huyu tutampa nini?"

"Sheria ni sheria," Mwakio akasema, na watu wakaitikia kwa vichwa, wale wale walioinua mikono, wale wale waliopiga makofi.

Wakamsindikiza mpaka shambani. Mtama ulikuwa mweupe kwa maziwa, na upande wa nyikani mbingu ilikuwa imeanza kufifia kwa mabawa madogo. Juu ya mwamba hapakuwa na kitu. Saru akakaza mbeleko, akashika ngazi, akakanyaga mti wa kwanza. Mkawasi akaanza kulia. Nyambu alikuwa akitazama upande wa kuku wake. Mwakio alikuwa tayari anawagawia watu kazi.

Saru akasimama pale, mguu mmoja juu na mmoja chini, akawageukia.

"Nitapanda," akasema. "Lakini kila mmoja wenu aje hapa kwanza, ainue mkono wake juu kama mlivyomwinulia yeye, aniambie, huu si mkono uliomuua."

Walionisimulia hawakuniambia kama kuna mkono ulioinuka. Nami sitakuongezeeni la kwangu. Ila nawajua ninyi, mnapenda njia nyepesi. Mtaniambia walikosa wote. Sikatai, lakini jibu hilo halimshushi mtu kwenye ngazi. Dungu lile lilijengwa kwa mtu mmoja, nguzo zake hazibebi wawili, na lisipokaliwa kijiji kizima kitalala njaa. Na wewe unayetaka kusema Saru, nieleze kwanza ungefanya nini na makucha yale usoni, mwanao yuko mkekani.

Kwelea wanatua. Mwanamke ameshika ngazi, mtoto mgongoni ameamka. Aliyerusha jiwe bila kutazama, aliyempenda mpaka akamharibu, aliyemwachia na njaa yake kisha akakaa kuamua, na aliyepiga kwa mchi asijue. Semeni sasa, nani alistahili kushika zamu ya kozi?